Kwa nini mabaki ya meli huua wapiga mbizi, na kwa nini waokoaji hawawezi kuharakisha

Kila chombo kinapozama katika Ziwa Victoria au Bahari ya Hindi, swali la kwanza linaloulizwa ufukweni ni moja: wapiga mbizi wako wapi? Ifikapo siku ya pili, swali hilo huwa limegeuka lawama. Ndugu wa waliopotea huona maji yametulia na boti za waokoaji zikizunguka, wasielewe kwa nini watu wenye mitungi ya hewa migongoni hawateremki, au huteremka kwa dakika chache kisha wakarudi mikono mitupu.

Kwa wakazi wa Merikit na vijiji vingine vya Tororo na Busia, ambao jamaa zao huvua na kusafiri kutoka mwalo wa Majanji upande wa Uganda, au Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, jambo hili si habari ya mbali. Jibu lake linajulikana, na limegharimu maisha ya watu. Katika meli iliyolala kwenye kina kirefu, kufika si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kurudi.

Baba na mwana ndani ya nyambizi

Miongoni mwa ajali za aina hii zinazojulikana zaidi duniani ni ile ya tarehe 12 Oktoba 1992, katika Bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya jimbo la New Jersey nchini Marekani. Chris Rouse, mwenye umri wa miaka 39, na mwanawe Chrissy, mwenye miaka 22, waliteremka hadi kwenye mabaki ya nyambizi ya Ujerumani ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi hiyo, iliyogunduliwa mwaka mmoja kabla, ililala kwenye kina cha takriban mita 70, na hakuna aliyejua jina lake. Wapiga mbizi kadhaa walikuwa wakishindana na fumbo hilo, wakitafuta ndani yake kitu chochote chenye maandishi.

Baba na mwana hao hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Walikuwa na mafunzo ya kuingia katika mapango yaliyojaa maji, na walikuwa wamezoea kuzamia pamoja. Siku hiyo walitumia hewa ya kawaida badala ya mchanganyiko wenye gesi ya heliamu, ambao ni salama zaidi kwenye kina hicho lakini ni ghali. Walipanga kukaa chini kwa dakika 20.

Chrissy aliingia ndani huku baba yake akimsubiri nje. Alipokuwa akichimbua, vitu vizito vilimwangukia na kumbana. Baba aliingia kumwokoa, akafanikiwa kumtoa, lakini muda uliopangwa ulikuwa umepita. Walipotoka walitatizika kuipata mitungi ya akiba waliyokuwa wameiacha nje kwa ajili ya safari ya kupanda. Baada ya takriban dakika 40 kwenye kina hicho, walipanda moja kwa moja hadi juu, bila vituo vya kupumzika ambavyo vingepaswa kuchukua muda mrefu.

Wote wawili walifika juu wakiwa hai na kupandishwa kwenye boti yao. Baba alifariki humo humo. Mwana alichukuliwa kwa helikopta hadi hospitali jijini New York, akaingizwa katika chumba maalumu cha shinikizo, akafariki siku hiyo hiyo. Mpiga mbizi mwingine alikuwa amekwisha kufa hapo mwaka 1991. Nyambizi hiyo ilitambuliwa mwaka 1997 kuwa ni U-869, iliyozama mwaka 1945 pamoja na mabaharia wake 56.

Watu hao wawili hawakufa kwa kunywa maji. Walifika kwenye hewa safi, wakawaona wenzao, na mmoja wao aliweza hata kuzungumza. Ili kufahamu kilichowaua, ni lazima kufahamu yale yanayotendeka mwilini mtu anapopumua chini ya maji.

Deni linaloongezeka kila dakika

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mtu aliye kwenye kina cha mita 10 hubanwa mara mbili ya kawaida. Kwenye mita 70 hubanwa mara nane. Kifaa cha kupumulia humpa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka, la sivyo mapafu yake yasingeweza kutanuka. Kwa hiyo kila pumzi kwenye mita 70 hutumia hewa ya pumzi nane za juu. Mtungi ambao ungetosha saa nzima ufukweni huisha huko chini katika dakika zisizofika nane. Mtu mwenye hofu, anayepumua kwa haraka, huumaliza mapema zaidi.

Hatari ya pili ni kulevuka. Sehemu kubwa ya hewa, karibu asilimia 79, ni naitrojeni. Juu ya ardhi gesi hiyo haina madhara. Kuanzia kina cha mita 30 hivi, huanza kuilevya akili mithili ya pombe. Mpiga mbizi husoma saa yake asielewe, hurudia jambo moja mara kadhaa, au hujiona yuko salama wakati hayuko salama. Hatari ya tatu ni oksijeni yenyewe: ikipita kiasi chini ya shinikizo kubwa, huweza kuleta degedege la ghafla. Kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, mpaka huo hufikiwa kwenye kina cha takriban mita 66. Ndiyo sababu wanaokwenda kina kirefu huchanganya heliamu, ambayo hupunguza naitrojeni na oksijeni kwa pamoja.

Hatari ya nne ndiyo iliyowaua akina Rouse. Naitrojeni inayopumuliwa chini ya shinikizo huyeyuka katika damu, mafuta na viungo, kama gesi ilivyoyeyushwa katika soda. Chupa ya soda ikifunguliwa polepole, gesi hutoka kwa utulivu. Ikifunguliwa ghafla, povu hufurika. Ndivyo ulivyo mwili wa mpiga mbizi anayepanda kwa haraka: viputo vya gesi hutokea ndani ya mishipa na viungo, huziba njia za damu, na huweza kuleta maumivu makali, kupooza au kifo.

Ugonjwa huo ulifahamika kwanza miongoni mwa wafanyakazi waliojenga nguzo za madaraja wakiwa ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya shinikizo chini ya mito. Katika miaka ya 1870, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn mjini New York, Washington Roebling, aliugua hata akalazimika kusimamia kazi akiwa chumbani mwake. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane, baada ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kwanza yaliyoonyesha mpiga mbizi apande kwa hatua gani na asubiri wapi. Majedwali na kompyuta zinazovaliwa mkononi leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Kwa hiyo kila dakika ya chini ni deni linalolipwa wakati wa kupanda. Kwenye kina cha mita 70, nusu saa ya kazi huweza kudai zaidi ya saa moja ya kuning'inia kwenye kamba katikati ya maji. Asiye na hewa ya kulipia deni hilo hubaki na njia mbili tu: kufia majini, au kupanda akijua kitakachomfika.

Kwa nini meli ni mtego

Meli iliyozama huongeza matatizo ambayo hayapo katika maji ya wazi. Mlango uliokuwa wima huenda umelala ubavuni. Sakafu imekuwa ukuta, na ngazi haielekei popote. Kutu na matope yaliyotulia kwa miaka huinuka kwa pigo moja la mguu, na taa haionyeshi kitu zaidi ya weupe wa vumbi. Nyaya huning'inia kutoka darini, nyavu za wavuvi hunasa kwenye nguzo, na bati lililooza huanguka linapoguswa.

Mfano ni meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, iliyozama mwaka 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket nchini Marekani baada ya kugongana na meli ya Sweden. Imelala kwenye kina cha takriban mita 75, na zaidi ya wapiga mbizi 15 wamefariki wakiitembelea.

Tofauti yake inaonekana karibu na Mombasa. Mwaka 2002, MV Dania, meli ya zamani ya kubeba mifugo, ilizamishwa kwa makusudi ili iwe makazi ya samaki na mahali pa watalii kuzamia. Kabla ya kuzamishwa, ilisafishwa na kuondolewa vitu vya hatari, kisha ikalazwa kwenye kina cha takriban mita 30. Meli iliyozama kwa ajali haijaandaliwa na mtu. Kila kitu kilichokuwa ndani yake kimo bado, wakiwemo waliosafiri nayo.

Bukoba, Likoni, Nungwi: kina kilivyoamua

Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha jinsi kina cha maji kinavyoamua kinachowezekana.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430, lakini ilibeba wengi zaidi, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Kwa saa kadhaa ilielea kifudifudi, na waliokuwa juu yake waliwasikia watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walitoboa tundu katika chuma ili wawatoe. Lakini hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwapa uhai watu hao na kuizuia meli isizame, ilitoka kupitia tundu hilo, na meli ikazama hadi kwenye kina cha takriban mita 25. Kwa kina hicho wapiga mbizi, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini, waliweza kuingia na kutoa miili, ingawa wengi hawakupatikana.

Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni mjini Mombasa, likiwa na mama na bintiye wa miaka minne. Taifa zima la Kenya lilifuatilia msako huo kwa hasira na huzuni. Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58, ambako shinikizo ni karibu mara saba ya la kawaida, mkondo una nguvu na macho hayaoni mbali. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, wakisaidiwa na wapiga mbizi binafsi, walilitoa tarehe 11 Oktoba, siku 12 baada ya ajali. Kwa waliokuwa wakisubiri ufukweni, siku hizo zilikuwa kama mwaka. Kwa waliokuwa wakishuka, kila safari iliruhusu dakika chache tu za kazi.

Zanzibar ilipata jibu chungu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi na kuua mamia ya watu. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini waliitwa, lakini kina na nguvu ya mkondo viliwashinda, na msako ukasitishwa. Meli hiyo ilibaki kuwa kaburi.

Lakini zipo pia habari za matumaini. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mitambo akiwa hai, baada ya kujihifadhi mahali palipobaki na hewa. Nchini Nigeria, mpishi wa boti Harrison Okene alikaa karibu saa 60 mwezi Mei 2013 ndani ya boti iliyozama kwenye kina cha mita 30, akipumua hewa iliyonaswa. Wapiga mbizi waliomkuta hawakumpandisha moja kwa moja. Mwili wake ulikuwa umekwisha kunywa naitrojeni kama wa mpiga mbizi, na kumtoa kwa haraka kungemuua mikononi mwa waliomwokoa. Aliwekwa katika chumba cha shinikizo hadi mwili ulipoachilia gesi hiyo.

Waokoaji nao hufa

Hasira ya wanaosubiri inaeleweka, lakini ina gharama inapogeuka shinikizo kwa waokoaji. Feri ya Sewol ilipozama Korea Kusini tarehe 16 Aprili 2014 na kuua watu 304, wengi wao wanafunzi, wapiga mbizi waliteremka siku baada ya siku katika mkondo mkali na giza. Tarehe 6 Mei, mpiga mbizi wa kiraia alipoteza fahamu majini na kufariki. Mwingine alifariki kabla mwezi huo haujaisha. Mwaka 2018 mpiga mbizi wa kujitolea nchini Indonesia alifariki katika msako wa ndege ya Lion Air iliyoanguka katika Bahari ya Java. Maafisa walieleza kuwa huenda aliathiriwa na mabadiliko ya shinikizo.

Kwa sababu hiyo, kiongozi wa kikosi cha wapiga mbizi hana budi kuuliza kwanza: je, kuna mtu aliye hai huko chini? Ikiwa yupo, hatari kubwa inaweza kukubalika. Ikiwa waliobaki ni marehemu, sheria ya kazi hiyo ni kwamba mwili mmoja usitolewe kwa gharama ya mwingine. Anayekataa kushuka kwa sababu muda wake umekwisha hakimbii wajibu. Anakataa kuongeza jina jingine kwenye orodha.

Ziwa Victoria lina sheria zake

Wengi hudhani ziwa ni salama kuliko bahari kwa kuwa halina chumvi wala mawimbi makubwa. Kwa mpiga mbizi si hivyo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la takriban asilimia 87 ya lile la pwani. Anayetoka majini hapo hutokea kwenye hewa nyepesi zaidi, kama soda iliyofunguliwa kwa nguvu zaidi. Majedwali yaliyoandikwa kwa bahari ni lazima yarekebishwe: kina cha mita 25 ziwani huhesabiwa kama takriban mita 28 baharini.

Wastani wa kina cha ziwa hilo ni mita 40, na sehemu yake ya chini kabisa hukaribia mita 80. Maana yake ni kwamba kuna sehemu ambako chombo kikizama, hakifikiki kwa hewa ya kawaida bila hatari kubwa. Katika ghuba nyingi maji yana matope, na nyavu za kuvulia sangara, au mbuta kama aitwavyo Busia, zilizopotea hubaki chini zikinasa kila kipitacho.

Kuna hatari moja ambayo watu hawaikumbuki. Aliyezamia Majanji kwa mtungi wa hewa, kisha siku hiyo hiyo akapanda gari kupitia Tororo na Mbale hadi Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, anaendelea kupanda kana kwamba bado yuko majini. Viputo ambavyo havikutokea ufukweni vinaweza kutokea mlimani. Kanuni ni kusubiri, kwa kawaida siku nzima, kabla ya kupanda mlima au ndege.

Dalili na msaada wa kwanza

Dalili za ugonjwa huu huweza kuanza dakika chache au saa kadhaa baada ya kutoka majini. Nazo ni maumivu ya viungo, hasa mabega na viwiko, ganzi au udhaifu wa miguu, kizunguzungu, vipele, uchovu usio wa kawaida, na kushindwa kupumua vizuri. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni tupu kama ipo, na apelekwe hospitalini mara moja. Wahudumu waelezwe kina alichofika na muda aliokaa, kwa maana bila habari hiyo daktari anaweza kudhani ni malaria au uchovu. Asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu. Tiba kamili ni chumba cha shinikizo, na katika Afrika Mashariki vyumba hivyo ni vichache na viko zaidi pwani.

Kwa wanaofundishwa kazi hii, kanuni za meli iliyozama ni chache. Mpiga mbizi asiingie peke yake. Afunge kamba mlangoni na kurudi akiishika. Theluthi moja ya hewa iwe ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya dharura. Muda uliopangwa ukifika, arudi hata kama anachokitafuta kiko mbele ya macho yake. Anayezamia kwa burudani hafunzwi kuvuka kina cha mita 40.

Hakuna hata moja ya kanuni hizo inayoweza kuharakisha habari kwa familia iliyoketi ufukweni. Lakini zinaeleza kile ambacho familia hiyo inakiona: boti inayosubiri, kamba iliyotumbukizwa majini, na mtu mmoja aliyening'inia humo kwa muda mrefu bila kufanya lolote. Mtu huyo analipa deni lake polepole, ili kesho aweze kushuka tena.